Madogo wa maabara, kabla hujazungusha damu ya ndege ya kupima sumu nisikilize

Jana nimemkuta dogo anamwaga seli nyekundu kwenye ndoo ya taka, nikapiga kelele mpaka akaangusha pipeti. Samahani dogo, ila wote sogeeni hapa.

1. Gawa damu KWANZA. Ndege hatoi damu zaidi ya asilimia 1 ya uzito wake, yaani mwenye gramu 20 anakupa 0.2 ml, ukikosea ndo basi. Mi mwaka wangu wa kwanza tulikuwa na sampuli za bata, tunataka kupima viuatilifu na risasi, ile metali, kwa pamoja. Kolinesterasi, kimeng'enya kinachobanwa na viuatilifu, tunapima kwenye plazma, yale maji ya damu, basi nikatia mirija yote kwenye sentrifuji, kitu kikajitenga safi, njano juu nyekundu chini, nikanyonya plazma nikagandisha, nyekundu nikamwaga kwenye sinki. Zote! Tena nikaosha, nikapanga, nikajiona mtu wa maana. Majibu yakaja risasi karibu sifuri, nikaandika kwa mbwembwe kwamba bata wako salama, nikampelekea msimamizi. Akauliza kitu kimoja tu, "seli ziko wapi?" Zaidi ya asilimia 90 ya risasi ya kwenye damu inakaa humo humo kwenye seli. Miezi minne ya kukesha kwenye tope, imeenda na maji. Hakunifokea, na bora angenifokea.

2. Mirija ya heparini kwa kolinesterasi, EDTA achana nayo, japo zote mbili zinazuia damu isigande.

3. Acheni kuniletea "kila sumu iko chini ya kiwango" halafu mnafunga ripoti. Sumu hazijumlishwi kama hela. Kwale waliopewa prokloraz, dawa ya ukungu tu hiyo, malathioni, dawa ya wadudu, iliwadhuru zaidi, maana ini lilishachangamshwa, linaigeuza malathioni kuwa malaoksoni haraka, na hiyo ndo yenye balaa. Seleni na zebaki ndo vituko kabisa: bata mkubwa seleni inamkinga na zebaki, ila zikikutana kwenye yai kifaranga anaharibika kuliko zebaki ikiwa peke yake. Sasa hapo "kiwango salama" ni cha nani, cha baba au cha mtoto?

4. Andika hali ya mafuta. DDE, mabaki ya DDT, imelala kwenye mafuta, ndege akikonda inaamka inaelekea kwenye ubongo.

Na wewe dogo wa jana, mirija miwili iliyopona nimeiweka friza, droo ya juu. Usiiguse mpaka nifike.