Kano ya bega ikichanika, ni lazima upasuaji?

SWALI: Nina miaka 58. Miezi mitatu sasa bega la kulia linaniuma, hasa usiku nikililalia. Ultrasaundi inaonyesha kano imechanika kiasi. Nipasuliwe?

JIBU: Usikimbilie kisu. Wengi waliovuka miaka 60 wana kano zilizochanika na hawasikii maumivu yoyote, kwa hiyo picha peke yake haitoshi. Daktari akuinulie mkono pembeni hadi usawa wa bega, auachie, nawe uushushe polepole. Mkono ukianguka puu, huenda mpasuko ni mkubwa.

Utafiti wa CSAW wa Uingereza, uliochapishwa 2018, ulilinganisha operesheni ya kukwangua mfupa ulio juu ya kano na ile ya kuchungulia tu ndani ya bega kwa kamera, bila kukwangua chochote. Nafuu ilikaribiana mno.

Anza na mazoezi kwa wiki 12. Funga mkanda wa mpira wa mazoezi kwenye kitasa cha mlango, usawa wa kiwiko, na ushike ncha yake ya pili. Kunja kiwiko, bana taulo kati yake na mbavu, kisha zungusha mkono kwenda nje: mara 10, raundi 3. Wengi hukosea kwa kupandisha bega kuelekea sikioni. Hapo shingo ndiyo inayofanya kazi. Maumivu yakizidi kesho yake, legeza mkanda.

Sindano ya steroidi hutuliza kwa wiki chache, ila ikirudiwarudiwa hudhoofisha kano.

Lakini ukianguka na ghafla mkono ukagoma kuinuka, usingoje wiki 12. Kano iliyokatika kabisa hujivuta, msuli wake hugeuka mafuta, na kuishona huwa kazi ngumu.