Dawa nimemaliza, usaha umerudi

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kuhusu magonjwa ya ngono. Tumechagua nne na kuondoa majina.

Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa bodaboda, nina miaka 27. Mwezi uliopita mkojo ulianza kunichoma, kisha ukatoka usaha wa njano. Duka la dawa waliniambia ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, wakanipa vidonge vya sipro za siku 5. Nilipona, lakini wiki 2 baadaye usaha umerudi. Mke wangu hana dalili yoyote. Je, hii ni UTI sugu?

Marahaba. Kijana wa umri wako anayetokwa na usaha mara nyingi ana kisonono, klamidia, au vyote viwili kwa pamoja. UTI kwa vijana wa kiume ni nadra, na usaha wa namna hiyo si dalili yake. Jina hilo limezoeleka kwa sababu halimtii mtu aibu, lakini ubaya wake ni mkubwa: nani atamwita mkewe atibiwe UTI ya mumewe?

Sababu za kurudi ni mbili, na huenda zote zimekukuta. Vimelea vya kisonono vimekuwa sugu kwa sipro sehemu nyingi duniani, Afrika Mashariki ikiwemo. Dawa inavipunguza, unapata nafuu, kisha vilivyobaki vinazaliana upya. Sababu ya pili ni kwamba mkeo hajatibiwa. Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawaoni dalili yoyote, huku ugonjwa ukipanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiziba.

Nenda zahanati na useme wazi kwamba unatokwa na usaha. Hata pasipo na maabara, wahudumu wana mwongozo wa kutibu kwa kufuata dalili. Kwa kawaida utachomwa sindano moja ya seftriaksoni kwenye msuli. Miongozo ya zamani ilitaja miligramu 250. Ya karibuni imepandisha hadi 500 au gramu 1 kwa sababu ya usugu. Pamoja na sindano utapewa doksisaiklini ya miligramu 100, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku 7, yaani vidonge 14. Meza kwa maji mengi ukiwa umekaa wima, na usilale papo hapo kwa sababu dawa hii huchubua koo la chakula. Usimeze pamoja na maziwa, kwani huizuia isifyonzwe vizuri. Siku ya 3 ikiisha utajiona mzima na vidonge 8 bado viko mfukoni. Vimalize vyote.

Mkeo atibiwe siku hiyohiyo, pamoja na kila uliyekutana naye ndani ya miezi 3 iliyopita. Kama ana mimba, aseme kabla ya kupewa dawa, maana doksisaiklini haimfai. Kuna azithromaisini badala yake. Msikutane kimwili kwa siku 7, na nyote mpimwe VVU na kaswende. Usaha ukiendelea baada ya hapo, rudi kituoni. Huenda ni trikomona, ambayo hutibiwa kwa metronidazo, au usaha unahitaji kuoteshwa maabara ili ijulikane dawa inayoviua vimelea hivyo.

Nina mimba ya miezi 5. Kliniki wamenikuta na kaswende, wakanichoma sindano. Mume wangu amepima kwingine akaambiwa hana. Nimwamini? Na mtoto wangu je?

Pole mama, na hongera kwa kuhudhuria kliniki mapema. Sindano hiyo ni benzathini penisilini, uniti milioni 2.4, na ndiyo dawa pekee inayoaminika kumtibu mtoto akiwa bado tumboni. Inamkinga vizuri zaidi ikichomwa zaidi ya siku 30 kabla ya kujifungua, kwa hiyo muda unao. Kama haijulikani ugonjwa ulianza lini, unahitaji sindano 3, moja kila wiki. Usiruke hata wiki moja. Ukichelewa sana, dozi huanza upya. Homa na maumivu ya mwili ndani ya saa 24 za mwanzo hutokea kwa baadhi ya watu vimelea vinapokufa. Ukihisi uchungu wa uzazi au mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali mara moja.

Mumeo atibiwe hata kama kipimo kimesema hana. Maambukizi mapya huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonekana kwenye damu. Kidonda cha kaswende hakiumi na hupotea chenyewe, hivyo mtu anaweza kuapa kwamba hajawahi kuugua, na asiwe anadanganya.

Tunza kadi yenye tarehe za sindano. Kipimo cha haraka cha kaswende huweza kuonyesha alama maisha yote hata ukishapona, na mimba ijayo utaambiwa tena unaumwa. Omba kipimo cha RPR, kipimo cha damu kinachotoa kiwango: kikishuka, mfano kutoka 1:32 hadi 1:8, dawa imefanya kazi.

Kondomu zetu zinapasuka kila mara. Tunatumia mafuta ya nazi kulainisha.

Ndiyo sababu. Mafuta yoyote, ya nazi, ya kupikia au ya kujipaka, hulegeza mpira ndani ya dakika chache. Tumieni kilainishi cha maji. Msivae mbili kwa pamoja, msifungue kwa meno, msiziweke kwenye pochi inayokaliwa kutwa. Bana ncha wakati wa kuvaa ili hewa isibaki ndani. Ikipasuka na hali ya VVU ya mwenzako huijui, wahi kituo kabla ya saa 72 upewe dawa za kinga za siku 28.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kweli kazi hii ya kuwapeleka watu zahanati inapunguza VVU?

Jibu liko Mwanza. Kati ya 1991 na 1994, utafiti ulilinganisha jamii 6 zilizoboreshewa huduma za magonjwa ya ngono na nyingine 6 ambazo hazikuwa zimeboreshewa. Wahudumu wa kawaida wa zahanati walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa hazikukatika, na wananchi walihimizwa kuja mapema. Maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40, kwa sababu kidonda na uvimbe hufungulia virusi njia.

Kwa hiyo endelea, dada, na kabla ya kumtuma mtu uliza kwanza kama dawa zipo. Anayerudi mikono mitupu huishia dukani. Wengine wapeleke hospitali bila kusubiri: mwanamke mwenye maumivu makali chini ya kitovu aliyepitiliza hedhi, kwani mimba inaweza kuwa kwenye mrija, na kijana ambaye korodani imemuuma ghafla. Korodani iliyojisokota huokolewa ndani ya saa 6 hivi, na sindano ya kisonono haitaisaidia.