Binamu, huku nako umeme unakatika

Binamu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, na umenikasirisha. Unasema pale steji ya boda Busia wanasimulia kuwa Uingereza umeme haukatiki, bili inalipwa na serikali, na kwamba mimi natuma kidogo kwa sababu nimewasahau. Halafu unamalizia kwamba unataka kuuza kile kipande cha shamba cha babu, pesa umpe wakala wa Kampala akutafutie viza.

Umeme unakatika. Nyaya ni nzima na transfoma ni nzima, ila mita imeishiwa. Nyumba ninayopanga ina mita ya kulipia kabla, yaani yaka kabisa, kama ile mita ya kwenu Uganda. Tena wewe unanunua kwa simu, unabonyeza zile tarakimu 20 kwenye mita, taa inawaka. Mimi natembea mpaka dukani na ufunguo wa mita, wanautia pauni, narudi nauchomeka. Kila siku mita inakata ada yake hata kama sikuwasha taa moja. Pesa ikiisha inakukopesha pauni chache, na ukiongeza tu, inaanza kwa kujilipa. Gesi ya kupasha nyumba joto ina mita yake peke yake, nayo inataka hivyo hivyo.

Hiyo ndiyo Januari yangu. Saa kumi jioni giza linaingia. Natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ambako nimegeuza watu kitandani na kubadilisha nepi za watu wazima, nafika chumbani nakuta ukuta una unyevu na pumzi yangu naiona. Nalala na koti, kwa sababu pauni za gesi zimekwenda kuwa ada ya muhula wa kwanza. Silalamikii watoto. Wasome! Lakini mtu asiniambie nimesahau nyumbani wakati nyumbani ndiko joto langu linakokwenda.

Najua mbele ya duka la mjomba ubishi haujaisha tangu UEDCL, shirika la serikali la kusambaza umeme, ichukue nyaya tarehe 1 Aprili 2025, baada ya ile miaka 20 ya kampuni binafsi ya Umeme. Mjomba anashikilia kuwa mali ya umma ibaki kwa umma. Wewe unamjibu kuwa mfanyabiashara ndiye anayejua kazi, atazame Uingereza. Haya, tutazame. Waliyauza kwa watu binafsi mashirika ya umma: la gesi mwaka 1986, ya maji ya England na Wales 1989, ya umeme yakafuata 1990. Kabla ya kuuza maji serikali iliyafuta madeni ya mashirika yale, wanunuzi wakaanza safi. Leo Thames Water, inayohudumia London, inadaiwa mabilioni ya pauni, na kampuni za maji zinalaumiwa kila mwaka kwa kumwaga maji ya vyoo mitoni. Uskoti hawakuuza maji yao, bado ni ya umma. Lakini usimkimbilie mjomba kumwambia ameshinda. Mtu anayelala na koti haulizi mita ni ya nani, anauliza bei. Kwenu uniti 15 za kwanza za mwezi zina bei ya chini kwa matumizi ya nyumbani. Mita yangu haina huruma hiyo, kuanzia uniti ya kwanza ni bei ile ile.

Na ule ubishi wenyewe naukosa sana. Kazini tunaambiana kuna baridi, kesho mvua, basi. Anayezungumza nami ni mzee mmoja asiyepata usingizi. Yeye ndiye aliyenihadithia jinsi maji yalivyouzwa na jinsi alivyolipinga jambo hilo. Usiku mwingine akaniuliza kwetu nyota zikoje. Nikamweleza kuwa Busia iko karibu mno na ikweta, za kaskazini na za kusini zote tunaziona tukiwa uani. Nikamweleza mjomba anavyoanza na bei ya uniti akaishia kwenye Kilimia, lile kundi la nyota, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na hapo shangazi anaingilia kwamba maharage yapandwe sasa. Huku Msalaba wa Kusini hauchomozi kamwe, na nyota nyingine zimefichwa na taa za mji. Kuna watu wanaendesha gari mpaka Northumberland, mahali palipotambuliwa mwaka 2013 kuwa hifadhi ya anga lenye giza, ili waone mbingu ambayo wewe unaiona umeme ukikatika.

Kwa hiyo usije. Nasema wazi, usije kwa njia hiyo. Tangu 22 Julai 2025 Uingereza haipokei tena maombi mapya ya viza ya kutunza wazee kutoka kwa watu walio nje. Anayekuuzia viza hiyo leo ni mwizi, hata kama ana ofisi na muhuri. Na hata kabla ya hapo, tangu Machi 2024, walioingia kwa kazi hiyo hawakuruhusiwa kuleta mke wala watoto. Ungemwacha nani na wale wadogo?

Lakini ukipata nafasi ya kusoma yenye ufadhili, njoo, tena njoo haraka. Baridi isikutishe, koti nitakununulia mimi na uwanja wa ndege nitakupokea mimi. Una akili ya kuzidi kazi unayoifanya hapo mpakani, na hilo nalijua kuliko wale wa steji.

Pesa ya wakala usiniombe tena. Shangazi akiugua, niombe hata saa nane ya usiku. Mwezi huu natuma ada na dawa zake. Yaka nitanunua mwenyewe nikutumie zile namba, ili pesa isipite mikononi ikapotea njiani. Na shamba lisiguswe. Mwambie mjomba nitampigia Jumapili baada ya adhuhuri, hati aiweke kwake, na wewe uwepo nikiongea naye.