Nauli inatoka 5050 badala ya 100

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini programu yako ya Python ya nauli za matatu ya Bamburi hadi Feri inajibu 5050 abiria wawili wakilipa 50 kila mmoja. input(), amri inayopokea anachoandika mtumiaji, hurudisha maandishi siku zote, hata ukiandika tarakimu tupu, na alama ya + huyaunganisha tu. Yageuze kwanza yawe namba kamili kwa int():

nauli = int(input("Nauli: "))

Lakini usiishie hapo, tafadhali. Makanga akiandika "50/=" au hata 50.5, utapata kosa la ValueError (maandishi yasiyogeuzika kuwa namba kamili) na programu itakatika. Mstari huo uweke ndani ya try (jaribu), nayo try iwe ndani ya while True, yaani mzunguko unaorudia bila kikomo; mstari ukifaulu, toka kwenye mzunguko kwa break. Kwenye except ValueError, sehemu inayoendeshwa kosa hilo likitokea, chapisha "Andika namba kamili" na swali litarudi lenyewe. Usiandike except tupu, bila jina la kosa: itameza hata Ctrl+C, ushindwe kuisimamisha.