Mbona naambiwa nirudie ultrasaundi?

Barua za wiki hii nyingi ni za wajawazito waliotoka kliniki na karatasi ya kurudia kipimo, bila kuelezwa sababu.

Shikamoo dada. Wiki ya 20 niliambiwa kondo la nyuma liko chini, nirudi wiki ya 32. Mama mkwe anasema nimelishusha kwa kubeba ndoo za maji. — Mbagala

Marahaba mdogo wangu. Hukulishusha wewe. Kondo hujishika pale mimba ilipotua, na wiki ya 20 ni mapema mno kutoa hukumu. Mfuko wa uzazi unavyokua, sehemu yake ya chini hutanuka, kondo likajikuta mbali na mlango wa uzazi. Wengi wakirudi wiki ya 32 hukuta njia iko wazi. Kwa wachache linabaki limeziba mlango. Hao hupangiwa upasuaji, kwenye hospitali yenye damu ya akiba.

Kabla ya siku hiyo, ukiona damu, hata kama huumwi popote, tafuta bajaji saa hiyo hiyo. Ukifika, neno la kwanza kwa nesi liwe: "Kondo langu liko chini." Usikubali kupimwa kwa vidole ukeni kabla kipimo hakijaonyesha lilipo. Na hili usilisahau hata ukiwa na hofu.

Kipimo cha kwanza na cha pili vimetoa tarehe tofauti za kujifungua. Nifuate ipi? — Kigamboni

Ya kwanza, hasa kama ulipima kabla ya wiki ya 14. Wakati huo watoto karibu wote wanalingana, kosa halizidi wiki moja hivi. Mwishoni kila mtoto ana umbo lake, na tarehe yaweza kupishana hata wiki tatu. Kipimo cha baadaye kinaangalia anakuaje.

Mke wangu kapima mara tatu. Si hela tu hizi? — Mume, Tabata

Swali lako ni halali, kaka. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apime angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Zaidi ya hapo pawe na sababu: presha, kisukari, tumbo lisilolingana na wiki, mtoto aliyepunguza kucheza, au aliyetanguliza matako mwezi wa mwisho. Mapacha wanaotumia kondo moja hupimwa kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16. Muulize daktari: "Safari hii tunatafuta nini, na majibu yatabadilisha nini?" Kama ni jinsia tu, nunueni nepi. Na mbebe majibu yote ya zamani, hata ya kituo cha mtaani; bila ya kulinganisha, ukuaji haupimiki.

Mionzi haimdhuru mtoto? — Kimara

Ultrasaundi ni mawimbi ya sauti. Haina mionzi kama eksirei.

Wiki ya sita mfuko umeonekana, mtoto hajaonekana. Nirudi baada ya siku kumi. Nalia kila usiku. — Gongo la Mboto

Pole sana mwanangu. Kama hedhi yako huchelewa, mimba inaweza kuwa changa kuliko hesabu, na moyo bado haujaanza kuonekana. Ndiyo maana unarudishwa: asisafishwe mtu kizazi kwa picha moja ya mapema. Ukipata maumivu makali ya tumbo, damu nyingi au kizunguzungu, usingoje siku kumi. Siku ya kurudi, usiende peke yako.