Kituo kikikaa kimya, usiandike sifuri: niliyojifunza Lindi wakati wa Hidaya

Mleta mada yuko halmashauri moja ya Mtwara. Wanatakiwa kuandaa mpango wa dharura za afya kabla ya masika, na kuna mdau anataka kuwaletea programu mpya ya kuratibu maafa. Anauliza waipokee au waendelee na mifumo waliyonayo. Wengi mmemjibu kwamba mifumo yote ni ulaji. Sibishi sana, maana semina za hotelini nimezihudhuria na posho nimesaini. Ila nimekaa kwenye takwimu za afya huku Lindi miaka kadhaa, na kuna jambo nililiona kwa macho yangu, kwa hiyo mnivumilie nirefushe.

Kimbunga Hidaya kilifika pwani upande wa Mafia Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024. Upepo wenyewe haukututesa kama maji. Mvua ilipiga mfululizo, barabara ya Dar ikakatika sehemu kadhaa huko Kilwa, mabasi na malori yakalala njiani. Afadhali MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali, wana ghala la kanda Mtwara, kwa hiyo sisi tuliokuwa kusini ya pale palipokatika bado tulikuwa na pa kukimbilia kwa dawa. Shida ikawa kujua nani anahitaji nini.

Jumatatu asubuhi tumekaa ofisini, kompyuta imefunguliwa, taarifa za wiki za magonjwa ziko kwenye dashibodi. Zahanati mbili za bondeni hazina mgonjwa hata mmoja wa kuhara. Mkubwa mmoja akafurahi: "Huku basi salama, tuelekeze nguvu kwingine." Dereva wetu, mzee wa makamo ambaye kwa kawaida haingii kwenye vikao, alikuwa amesimama mlangoni akisubiri kusainiwa karatasi ya mafuta. Akauliza, "Samahani wakubwa, nani kasema huko salama? Mimi jana nimeshindwa kuvuka na gari. Hiyo taarifa imevukaje?"

Hakuna aliyemjibu. Nikarudi kuangalia vizuri. Zile zahanati hazikuleta sifuri. Hazikuleta kitu.

Hapa wataalamu wenzangu mnanielewa, kwa wengine nifafanue. DHIS2, mfumo wa kompyuta ambao takwimu zetu za MTUHA, yaani taarifa za huduma za vituo vya afya, zinaingia, kwa kawaida hauhifadhi sifuri mpaka aliyeutengeneza auamuru kwa kila kipengele. Nesi akiandika 0 na nesi mwingine asipogusa kabisa, kwenye jedwali unaweza kuona kitu kimoja: nafasi tupu. Siku za kawaida hilo halikuumizi. Siku ya mafuriko ndilo linaloua, kwa sababu kituo kilichozidiwa ndicho hichohicho kisicho na muda, chaji wala mnara wa simu wa kuripotia. Maafa yakiwa makubwa, jedwali linazidi kuwa safi.

Tukaanza kupiga simu. Namba ya mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, wa zahanati ya kwanza ikaita, akapokea mtu mchangamfu kabisa: "Kaka, mimi nilishahamia Singida tangu mwaka juzi." Ya pili haipatikani. Tukapitia kwa mtendaji wa kata, naye akatupa namba ya mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti akampelekea simu nesi mkononi. Nesi alikuwa kwenye darasa la shule ya msingi pamoja na kaya zilizohama mabondeni. Rejesta ameifunga kwenye mfuko wa rambo isilowe, na wagonjwa wa kuhara alioandika walikuwa wamejaza ukurasa na kuingia wa pili. Dripu zilikuwa zimebaki chache sana. Nilimwambia, "Pole sana dada, sisi tulikuona uko salama." Akacheka kwa uchungu.

Tangu hapo tukatundika ubao mweupe ukumbini, kila kituo na mstari wake, na majibu matatu tu: ameleta wagonjwa, ameleta sifuri, yuko kimya. Kimya tuliandika kwa wino mwekundu, na utaratibu ukawa kwamba aliyekaa kimya tangu jana anahesabiwa kuwa ameathirika mpaka athibitishe vinginevyo. Pikipiki inaenda kwake kwanza. Ubao na kalamu, wakuu, pembeni ya kompyuta ya mamilioni.

Jambo la pili lilitokea wiki iliyofuata. Jumapili tarehe 12 Mei, nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikatika upande wa Afrika Kusini, na nchi nzima ikawa inasuasua. Mnaikumbuka siku ile. Sasa Jumapili ndiyo mwisho wa wiki ya taarifa za magonjwa! Wale waliozoea kuingiza kwa kompyuta wakaanza kupiga simu kulalamika. Wale wanaotuma kwa menyu ya simu, ile ya kupiga nyota na alama ya reli, walituma kama siku zote, kwa sababu ile haili bando, inahitaji mnara tu. Nesi mwenye kitochi alimshinda daktari mwenye kishikwambi. Kwa hiyo mdau wako akija, kabla hajafungua projekta muulize: mtandao ukizima, hii programu yako inafanya nini? Programu ya simu ya DHIS2 angalau inahifadhi ndani ya simu na kupeleka ukipata mtandao. Yake je?

Sisi tulishaletewa moja, siitaji. Ilikuwa na nywila yake, ramani yake na orodha ya vituo iliyoandikwa upya kwa mkono. Zahanati ileile ikatokea mara tatu kwa tahajia tatu. Huku kwetu mto wenyewe tu, wengine wanaandika Mbwemkuru, wengine Mbemkuru, sasa kompyuta itajuaje? Kila kituo nchini kina namba yake ya usajili wizarani. Programu isiyotumia namba hiyo haiwezi kuongea na mifumo mingine, na utakachopata ni kazi ya kuingiza takwimu zilezile mara mbili usiku, kwa tochi.

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba mfumo mzuri ungegundua kila mlipuko wenyewe. Ndugu yangu, kumbuka Ruangwa, wilaya ya hukuhuku Lindi, Julai 2022. Watu wanapata homa, wanatoka damu puani, wanaanguka. Vipimo vya Ebola na Marburg vikarudi hasi. Baadaye ndipo ikatangazwa kuwa ni homa ya mgunda (leptospirosis, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa wanyama), wagonjwa 20 na vifo 3. Fomu ya wiki haina nafasi ya ugonjwa ambao bado hauna jina. Lazima kuwe na njia ya mhudumu kusema "nimeona kitu sikielewi", na mtu upande wa pili anayepokea hata saa nane usiku. Hiyo ni zamu ya mtu, na inalipwa.

Sasa swali lako hasa. Usikatae programu kwa sababu ni mpya, ila wekeni kwanza orodha moja: namba ya kituo, nani yupo sasa hivi, simu yake na ya mtu wa pili, mnara upi unashika na wapi (kuna kituo chetu kimoja unapanda kwenye mwembe nyuma ya nyumba ya mwalimu), maji yakijaa njia gani inabaki. Itakuchosha kuliko mafunzo ya programu yoyote, na baada ya miezi sita itakuwa imeoza, maana watumishi wanahama.

Dawa ya kuoza tuliiba kwa m-mama. Wale wa namba ya simu 115, wanaosafirisha wajawazito na watoto wachanga wa dharura kwa kutumia hata madereva wa kijijini, niliona orodha yao ya madereva ni sahihi kuliko yetu ya waganga. Nikashangaa, halafu nikaelewa: dereva analipwa kwa simu. Namba ikikosewa hela haiji, kwa hiyo anaisahihisha mwenyewe, tena siku hiyohiyo.

Tukaomba fungu dogo, tukaanza kurusha vocha kila tarehe 1 kwa mfawidhi kupitia namba iliyoko kwenye orodha, hiyo tu. Ukihama usiposema, vocha inakwenda na wewe, na aliyekurithi anapiga kelele. Mwezi wa kwanza simu yangu haikulala. Siku hizi mtu akipata uhamisho, mwenzake ananipigia kabla hajafunga mizigo: "Shikamoo kaka, mie ndo nimebaki kituoni, andika namba yangu." Hesabu ya vocha zenu kwa mwaka mpigie mdau, uilinganishe na bei ya ile semina.