Koyote wa sura ngeni: ushauri kwa mnaoanza kazi

Wadogo zangu mnaokuja kusomea wanyamapori kusini mwa Marekani, hamtamaliza wiki mbili kabla mtu hajawaonyesha picha kwenye simu na kuuliza, "Huyu ni koyote kweli?" Koyote ni jamaa wa mbwa na bweha aishiye Amerika Kaskazini. Wa pichani atakuwa na miguu mirefu, mdomo mpana na wekundu nyuma ya masikio, na mwenye picha atakuwa ameshajijibu kwamba ni chotara wa mbwa mwitu (nasema yule aitwaye wolf kwa Kiingereza, si mbwa mwitu wa Afrika). Nimefanya kazi hii miaka kadhaa pwani ya Texas, na swali ninalolitanguliza siku zote ni hili: picha ilipigwa mwezi gani?

Koyote wa Januari na koyote wa Julai ni kama wanyama wawili. Wakati wa joto manyoya mazito ya baridi yanakuwa yamepukutika, basi miguu inaonekana mirefu, kifua chembamba, masikio makubwa kupita kichwa. Ni yule yule. Halafu kuna upele unaoletwa na utitiri wa ngozi. Nilimwona mmoja kwa karibu, amekufa kando ya mtaro: mkia mwembamba kama wa panya, ngozi ya mgongoni ya kijivu na ngumu kama gamba, nywele chache zimebaki shingoni. Wanyama wa hali hiyo ndio watu wa Texas huwaita chupacabra, mnyama wa hadithi anayedaiwa kunyonya damu ya mifugo. Yule alikuwa koyote mgonjwa, na aliteseka sana kabla ya kufa. Anayewaletea habari ya mnyama wa ajabu msimcheke, maana kweli ameona kitu.

Rangi nayo ina mambo yake. Koyote weusi wapo, na weusi wao unatokana na jeni iliyotoka kwa mbwa wa kufugwa, vizazi vingi nyuma. Kisiwani Newfoundland, Kanada, wako koyote weupe, na badiliko la jeni linalowafanya weupe ni lile lile walilo nalo mbwa aina ya golden retriever. Kwa hiyo rangi yaweza kutoka kwa babu wa mbali sana, na mnyama mwenyewe kwa sehemu kubwa akabaki koyote.

Sasa njooni Galveston, kisiwa cha Texas, kwa sababu huko macho yaliona sawasawa. Mwaka 2008 mkazi mmoja aliwaona koyote walioonekana tofauti, akawapiga picha, akahifadhi vipande vya nyama vya wawili waliokufa barabarani. Aliandikia wataalamu kwa miaka bila kuchoka, mpaka ujumbe wake ukamfikia Bridgett vonHoldt, mtaalamu wa vinasaba wa Chuo Kikuu cha Princeton. Sampuli moja ilikuwapo. Ya pili ilikuwa imepotea, akatuma kisu cha upasuaji alichokuwa amekitumia, akitumaini kimebaki na chembe. Kilikuwa nazo. Matokeo yalitoka mwaka 2018: wanyama wale walibeba vinasaba vya mbwa mwitu mwekundu (red wolf), vikiwemo ambavyo havimo tena hata kwa mbwa mwitu wekundu wanaofugwa.

Ili uzito wa jambo hilo uwaingie, mjue kilichotangulia. Miaka ya 1970 serikali ya Marekani ilikamata wanyama zaidi ya 400 katika pwani ya Texas na Louisiana, ili kuwaokoa mbwa mwitu wekundu wa mwisho. Vipimo vya vinasaba vya leo havikuwepo. Walichagua kwa ukubwa wa mwili, umbo la fuvu na mlio, wakawakataa walioonekana kuwa chotara. Mwishoni ni 14 tu waliokuwa wazazi wa kundi lote lililopo leo, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba spishi hiyo imetoweka porini. Siwalaumu waliochagua, walifanya kazi ya haraka kwa vifaa walivyokuwa navyo. Lakini sehemu ya urithi wa spishi ilibaki nje ya uzio, ndani ya wanyama wanaoitwa koyote. Utafiti wa mwaka 2022 uliwakuta koyote wa kusini-magharibi mwa Louisiana wakiwa na asilimia 38 hadi 62 ya nasaba ya mbwa mwitu mwekundu.

Ndiyo maana nawasisitiza juu ya sampuli kuliko picha. Mkimkuta mnyama aliyegongwa, na mna kibali, vaeni glavu (kichaa cha mbwa kipo), kateni ncha ya sikio isiyozidi ukucha wa kidole gumba, tieni kwenye kichupa cha spiriti. Kila mnyama na wembe wake. Pigeni picha ya mwili mzima pamoja na rula, kwa sababu bila kipimo kila koyote huonekana mkubwa. Na lebo iandikwe kwa penseli. Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwa kalamu ya wino, spiriti ikavuja njiani, na vichupa saba vikafika maabara na karatasi tupu zenye doa la buluu. Wanyama saba ambao hakuna ajuaye walitoka wapi. Mpaka leo inaniuma.

Asilimia za nasaba zikirudi kutoka maabara, ulizeni wanyama hao walilinganishwa na akina nani. Programu ya kompyuta hugawa nasaba kwa makundi uliyoipa tu. Usipoweka mbwa mwitu mwekundu kwenye ulinganisho, sehemu yake itapewa mwingine, na jedwali litakuja safi lisilo na dalili ya kosa.

Mliotoka nyumbani mnalo la kuwakumbusha. Bweha wa dhahabu tuliyemzoea Serengeti na Ngorongoro, vitabu vilimhesabu spishi moja na bweha wa Ulaya na Asia kwa sababu wanafanana mno. Mwaka 2015 vinasaba vilionyesha kwamba huyu wa kwetu yuko karibu zaidi na mbwa mwitu, akatengwa kuwa spishi yake. Galveston sura ngeni ilificha ndugu, na kwetu sura moja ilificha wageni wawili.

Nami nina haraka, kwa sababu kisheria wanyama hawa wa Texas na Louisiana ni koyote, na koyote hana ulinzi huko. Mbwa mwitu wekundu waliorudishwa porini huko North Carolina hawafiki 50. Kwa hiyo mkipigiwa simu usiku kwamba kuna mmoja mkubwa, mwekundu masikioni, kagongwa barabarani, nendeni usiku huo huo. Alfajiri tai mzoga watakuwa wameshafika, na kwa joto la huku, kufika adhuhuri nyama haifai tena kupimwa.